Vitufe vya Kusambaza

Mazwi, Sumbawanga

Mdogo wangu Anjela,

Marahaba. Baridi ya huku inatafuna mifupa, na magunia ya mahindi hayaishi. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ninayoazima ni ya Kheri, mbebaji mwenzangu.

Kwa simu hiyo nilisoma tovuti yako ya kifua kikuu. Sikubonyeza kitu. Kesho yake simu ikajaa matangazo ya dawa za kifua. "Oya, nani humu anakohoa kwa siri?" Kheri akauliza. Wenzetu wakacheka. Msimamizi hakucheka, alinitazama mimi. Hapa anayekohoa hapewi kazi.

Fundi simu anasema kosa ni vile vitufe vya tovuti yako vya kusambaza habari kwenye mitandao ya kijamii. Ukurasa ukifunguka tu, vinapeleka habari za msomaji kwa wenye mitandao, hata asipovigusa. Viondoe, uweke viungo vya kawaida, visivyopeleka chochote mpaka mtu abonyeze. Wanaokusoma kwa kujificha ni wengi.

Makohozi nimeshapeleka zahanati, majibu ni Ijumaa. Mama usimwambie. Nitamwambia mwenyewe.

Ni mimi kaka yako, nimechoka,
Urbano