Nesi Yupo?

Kwako mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Mimi mzima, ila goti linanisumbua. Tangu uende kwa dada yako kuwaza, kuku wako nawalisha mimi, na hawana hata shukrani.

Unaniuliza urudi hospitali walikokuita, au ubaki na ufugaji. Jitu zima lenye mvi linamwuliza bibi aliyeishia darasa la pili! Haya, sikiliza. Uliacha unesi, lakini mpaka leo unanawa hadi viwikoni kabla ya kuwapa kuku pumba. Juzi mke wa seremala kashikwa na uchungu, wakaja kugonga hapa.

“Nesi yupo?”

“Nesi hayupo. Kuna mfuga kuku, naye kasafiri.”

Wakaondoka mbio. Kajifungua salama, ila maneno yangu yalinichoma mwenyewe.

Rudi kazini. Usinisingizie eti nitabaki peke yangu. Kweli, jioni napakua sahani mbili, halafu moja nairudisha sufuriani. Hiyo si sababu.

Kuku nitawauza, isipokuwa yule mweupe anayelala jikoni. Lazima nyumba hii iwe na mtu wa kugombezwa.

Ni mimi bibi yako, na hili si ombi.