Zuhura Asije Kujifungulia Morogoro

Morogoro, mwezi wa Rajabu

Dada yangu mpenzi Mwanahawa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na unasujudu bila kushika ukuta. Na mwanangu Zuhura je, anakula? Miguu imeacha kuvimba? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio hautulii, na hapa sina wa kumwambia.

Unajua namtumikia daktari Mdachi, ila kazi yenyewe sikukueleza. Bwana huyu huchukua wanyama wachanga, sungura anaowafuga na vitoto vya mbuzi vya kununua, vya siku moja au mbili, akawatoa mapafu, ini na figo. Kila kipande hukilaza katika spiriti, halafu katika nta ya moto mpaka igande, ndipo hukikata kwa wembe, chembamba kuliko ganda la kitunguu, akakitia rangi na kukibandika juu ya kioo. Mimi nayeyusha nta na kufuta vioo. Siku moja aliniita nichungulie kwenye darubini. Dada, figo la kitoto cha sungura lina vijumba vya duara vimepangwa kama shanga, na vile vya pembeni ndiyo kwanza vinaumbwa. Nikasema Subhanallah, kumbe kiumbe huzaliwa Mola bado anamjenga.

Lakini hawachinjwi. Huwafunika pua kwa kitambaa chenye dawa mpaka walale moja kwa moja, maana hataki shingo iguswe. Nilimwomba nisome bismillahi nichinje mimi, akakataa. Masalia akasema wapewe mbwa. Roho yangu haikukubali. Nikawa nayafunga katika vipande vya bafta nyeupe na kuyafukia migombani, nyuma ya nyumba. Mkude, Mluguru anayelisha sungura, akanicheka.

"Ninyi watu wa pwani bwana. Mbuzi hata maziwa hajaonja, unamvika sanda?"

"Si sanda, ni kitambaa."

"Haya shehe. Hitima lini, tuje tule pilau?"

Sasa sicheki tena. Wanawake wanaoshuka mlimani na vikapu vya mboga waliniona nikifukia. Vifurushi vidogo vyeupe, nyuma ya nyumba ya daktari: wewe ungedhani nini? Siku hizi wanazungukia njia ya mtoni. Msikitini watu wananiachia nafasi kushoto na kulia. Imamu akisema sogeeni, wanasogea nusu unyayo. Nikaenda kwa Bi Tatu, mkunga niliyekwisha kumwomba amzalishe Zuhura. Mlango aliufungua kidogo tu.

"Kwako siingii. Kamwite bwana wako."

Nikamwambia wale ni mbuzi.

"Mbuzi gani anazikwa, baba?"

Akaufunga mlango.

Ningeweza kuyafukua nimwonyeshe mifupa, watu wakanyamaza. Ila juzi daktari aliniuliza mwanangu atajifungua lini. Nadhani alimsikia Mkude. Nikamjibu, Shaabani ikiisha. Akafungua daftari, lile lile la kuandikia sungura wanaokaribia kuzaa, akaandika.

"Bwana, unaandika ya nini?"

"Nisisahau. Uzazi wa kwanza ni hatari. Nitakuja kumtazama."

Pengine ni huruma. Nilipougua homa alininywesha kwinini kwa mkono wake, na Mkude anasema nina wasiwasi wa bure. Lakini dada, nimemwona anavyovipokea vitoto vya sungura, kwa upole huo huo, anavipasha joto kiganjani, kabla ya kunyoosha mkono kuchukua kitambaa.

Basi ile barua niliyomwitia Zuhura apande gari moshi, nikitaka mjukuu wangu wa kwanza azaliwe nikiwepo, ihesabu sikuiandika. Huku hana mkunga isipokuwa bwana huyo. Ajifungulie kwako. Akiuliza sababu usimtie hofu na tumbo lile. Mwambie nyumba ya baba yake inavuja, na ni kweli inavuja.

Nisalimie shemeji Abdallah mumeo, na maalim Hamisi aliyenifundisha herufi hizi. Bi Mtumwa, mkwewe Zuhura, mwombe asinikasirikie kwa kubadili maneno.

Siku ya safari yake imekaribia na sijui kama barua hii itamkuta hajaondoka. Nakuomba unijibu upesi, hata mstari mmoja, kwamba yuko kwako.

Ndugu yako mdogo,
Salimu bin Juma