Baba Hushuka Gari Lipite Tuta

Mpendwa Anti Wiena, naomba msaada, na tafadhali usinicheke mpaka ufike mwisho, maana jambo lenyewe linaanza kama mchezo wa watoto, linaanza na springi za gari, lakini mwanao nimefika mahali hata kula siwezi, na sasa hivi nimeegesha nje ya kazini naandika juu ya usukani kwa sababu nyumbani siwezi kuandika baba akiniangalia.

Nina miaka thelathini na moja, nakaa Mitchells Plain na baba yangu, mtaa mzima unamwita Anko Dawie, na baba ni mgonjwa wa figo, anasafishwa damu kwa mashine hospitali mara tatu kwa wiki, na wa kumpeleka na kumrudisha ni mimi, kwa gari la zamani aina ya Gofu lililokuwa la marehemu kaka yangu Elroy. Elroy alituondokea mwaka juzi kwa pumu, akaacha Gofu lake uani limeshapigwa rangi mpya, na rimu zake nzuri ziko kwenye maboksi chini ya kitanda, maana alitaka kulishusha kwanza, tumbo likaribie barabara, ndipo azifunge, na kila siku alikuwa anamwambia baba, "Likishashuka, Baba, wa kwanza kukaa mbele ni wewe, Jumapili tunazunguka mtaa mzima tunakula koesisita, maandazi yetu ya shira, watu watuone," na baba anamjibu, "Na mimi humo nitaingiaje, nitambae kama mjusi?" lakini alikuwa anapenda, Anti, nilikuwa namwona anavyopenda.

Basi Elroy alipokufa nikalishusha mimi. Vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo sikuviweza bei, nikaenda kwa rafiki yangu Keanan, akazikata springi zote nne kwa grenda, shokapu akaziacha zilezile za zamani, tukafunga rimu za Elroy na tairi zake nyembamba, na Jumapili nikalipeleka uwanja wa nyuma ya maduka, pale wenye magari ya chini wanapokutana, na pale wana kipimo chao, mtu anaisimamisha pakiti ya sigara anaisukuma chini ya tumbo la gari, ikipita unazomewa, ikikwama unapigiwa honi, na sharti gari liwe tupu, haruhusiwi mtu ndani, maana mtu akikaa gari linashuka, na hiyo wanasema ni kudanganya. Pakiti ya kwangu ilikwama. Honi zililia uwanja mzima, nikaingia garini nikainamia usukani nikamlilia kaka yangu kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Kesho yake baba akakaa mbele, siku ya mashine. Njia yetu ya hospitali ina matuta, watu wa mtaa waliyajenga wenyewe baada ya mtoto wa shule kugongwa, na gari la chini tuta hulivuki moja kwa moja, unaliendea mshazari, tairi moja moja, kwa hiyo mtu aliye ndani anarushwa mara nne badala ya mbili, na baba ule mkono wa kushoto wenye mshipa wa mashine anaukumbatia kwa mkono wa kulia usigongwe, kwa hiyo hana mkono wa kujishikia, kichwa kinagonga kioo, namsikia meno yanagongana, nikimwuliza anasema, "Endesha, endesha, hata punda anarusha."

Halafu lipo lile tuta kubwa la kona, karibu na kinyozi. Hilo baba akiwemo halipitiki, tumbo linakwaruza na tairi la upande wake linauma matigadi mpaka linanuka. Siku moja akaniambia, "Simama hapo, nishuke nikupunguzie mzigo," na mimi nikasimama, Mungu anisamehe, nikasimama, akashuka na mfuko wake wa blanketi, maana kwenye mashine kuna baridi, nikavuka, nikamngoja ng'ambo, akaja anatembea taratibu, akapanda. Ikawa ndiyo desturi yetu, Anti, kwenda na kurudi, na kurudi ndiyo mbaya zaidi maana akitoka kwenye mashine magoti hayana kitu, anashikilia ukuta wa kinyozi, na vijana wanaokaa pale wakaanza kumtania, "Anko Dawie, kumbe tuta ni wewe!" na baba akacheka nao, na mimi ndani ya gari nikacheka pia, nakwambia ukweli, nilicheka.

Ijumaa iliyopita akaniambia haendi tena. "Nimechoka na sindano," ndivyo alivyosema, akajifunika. Nikamsihi, nikamfokea, nikamwambia Elroy angekuwepo asingekubali, akageukia ukutani. Nikajua amechoka kweli, watu wanachoka, nimesikia hivyo kwa wengine.

Leo asubuhi Sista, muuguzi wa pale kwenye mashine, akanipigia kuuliza yuko wapi, nikamwambia kachoka na sindano, akasema, "Sindano? Baba yako hajawahi kulalamikia sindano." Akaniambia kila wakimpima uzito, baba alikuwa anawaomba, "Nitoeni maji zaidi leo, niwe mwepesi, njiani kuna tuta," na wao wakidhani ni utani wake, na mara ya mwisho alimwambia Sista kwamba uzito wake unaliua gari la mwanawe, na mwanawe ameshakufa mara moja inatosha.

Anti Wiena, sijui nikuandikie nini baada ya hapo. Miguu yake imeanza kuvimba. Sista anasema tukikawia tusilaumu mtu.

Swali langu ni hili. Keanan anasema tuzikate tena zile springi tatu nyingine, zilingane na upande wa baba unaoshuka akikaa, mwingine ananiambia ninunue springi fupi na shokapu zake fupi, mwingine anasema zile za kuzungusha kwa spana, unapandisha na kushusha upendavyo, na wa nne anasema mifuko ya upepo, unabonyeza kitufe tu gari linainuka kwenye tuta. Nichague kipi ambacho baba atakaa bila kuumia na pakiti isipite? Maana hiki ndicho kimo alichokitaka Elroy, nikilipandisha ni kama namzika mara ya pili, na baba naye akiona limepanda kwa ajili yake atasema ameliharibu, nimebanwa huku na huku, nisaidie, sijui hata kama ninachouliza kina maana.

Mimi Aliye Chini,
Mitchells Plain

*

Aliye Chini,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikavuta kiti nikaisoma tena. Halafu nikapiga namba uliyoacha. Inaita, haipokelewi. Kwa hiyo najibu hapa gazetini, nikiwa na hofu, maana gazeti linatoka Alhamisi na miguu ya baba yako haisubiri gazeti.

Mwanangu, mzee amevimba miguu na wewe unaniuliza springi! Karatasi nzima ya grenda na rimu na pakiti, na miguu ya baba umeipa mstari mmoja. Ningekuwa karibu ningekuvuta sikio. Kisha ningekuwekea chai, kwa sababu naona unachokifanya. Ndugu yako umemzika bila machozi, machozi yakaja siku ya honi, na tangu siku hiyo unaogopa kuligusa gari yasije yakakauka. Nakuelewa. Lakini mzee hawezi kuulipia msiba wako kwa mgongo wake.

Sasa nisikilize. Kabla ya springi yoyote, kaazime gari. La jirani, la bosi wako, la padri, lolote lililosimama kwa kimo chake. Usimwulize baba kama anataka kwenda. Mwambie, "Twende." Akikurudia na habari ya sindano, mwambie ulichoambiwa na Sista, neno kwa neno, pamoja na hilo la maji, na umwambie kwamba ulicheka pale kona na unajuta. Utaona aibu. Ione tu, aibu haiui. Figo zinaua.

Na huenda amechoka kweli. Sitakudanganya, wapo wanaochoka, na mtu mzima ana haki ya kusema basi. Kama ni hivyo, aseme mbele ya daktari, na wewe ukae pembeni yake umshike mkono ule mzima. Lakini asife kwa haya. Asife kwa kuogopa kukuharibia gari.

Haya, vyuma vyako. Nimemwuliza shemeji yangu, fundi asiye na subira hata ya kungoja chai ipoe, na kabla sijamaliza kusoma alishaanza kutukana. Anasema springi iliyokatwa si springi, ni chuma. Ng'oa zote nne. Wiki hii nenda kwa wauza magari chakavu, chukua springi za kawaida za Gofu kama lako, zifunge, baba aendeshwe nazo, nawe ukae ukikusanya fedha. Ukishapata, nunua seti moja, springi fupi na shokapu fupi zilizotengenezwa zifanye kazi pamoja, raba zake mpya, kisha alaimenti, tairi zinyooshwe. Gari lishuke upana wa vidole viwili na likome hapo. Rimu za Elroy zibaki, ila zivalishe tairi nene kidogo, hata macho yatapenda. Zile za kuzungusha ziache. Wewe nakujua kwa barua moja tu, kila Jumamosi utakuwa chini ya gari na spana, unashusha kidogo, kidogo tena. Mifuko ya upepo ni mizuri kwa mwenye fedha ya kuihudumia, na ikipasuka siku ya mashine utamwambia nini mzee? Na huyo Keanan mnyang'anye grenda.

Siku ya kupima kimo, baba akae ndani. Kiti cha mbele, mfuko wa blanketi mapajani, mkanda umefungwa. Hapo ndipo mpime, hapo ndipo fundi akaze nati. Mchezo wenu wa nyuma ya maduka unasema mtu akikaa ndani ya gari ni kudanganya. Nimewaza sana juu ya hilo na sijaona upumbavu mkubwa kuzidi huo, gari linapewa sifa kwa sharti lisibebe mtu.

Unasema unalinda alichokitaka Elroy. Nimerudia barua yako kutafuta mahali Elroy alipotaja kimo, sikupaona. Hakutaja pakiti wala vidole. Alichokisema, na ni wewe mwenyewe uliyekiandika, ni kwamba wa kwanza kukaa mbele ni Baba. Basi. Ahadi ilikuwa ya kiti. Kimo umekitunza vizuri sana, na mwenye kiti umemshusha njiani atembee ameshikilia ukuta.

Na nyinyi vijana wa kwa kinyozi, mnajijua, sihitaji majina. Mnalisoma gazeti hili pale pale mkisubiri zamu ya kunyolewa. Anko wenu hajapita siku kadhaa na hakuna hata mmoja aliyekwenda kubisha hodi kuuliza amepatwa na nini. Mwenye gari miongoni mwenu asimame sasa hivi aende. Kucheka mlijua.

Aliye Chini, sina hakika kama tutawahi. Naandika hivyo kwa sababu umenifungulia moyo na mimi siwezi kukufunga macho. Lakini kama Mungu ametupa nafasi, siku mtakapofika lile tuta la kona, usikate mshazari. Punguza mwendo, liendee moja kwa moja, gari likwaruze kama litakwaruza. Utaona mkono wake unakwenda kwenye kitasa cha mlango, kwa mazoea. Uushike, umwambie, "Kaa tu, Baba."

Anti Wiena