Bandeji Iko Kwenye Mguu wa Meza

Nayeli,

Napeleka viazi sokoni Jauja, nitarudi jioni. Supu iko jikoni, ipashe moto. Ukila, pumzisha mguu juu ya kiti. Usiende mazoezini, nimeshamwambia mwalimu wako wa mpira wa wavu kwamba kifundo kimeteguka tena. ~~Mechi ya Jumamosi usahau.~~ Ya Jumamosi tutaongea.

Asubuhi nilikuona unashuka ngazi umeshika ukuta. Nikaleta kitambaa nikufunge, ukasema, "Acha, baba! Unanifunga kama gunia la viazi. Mama hakuwa anafunga hivyo." Mimi nikacheka, wewe ukalia. Nikatoka kukagua magunia niliyokwisha kuyafunga.

Bandeji ya mama yako haikupotea. Shangazi Eulalia ameileta ulipokwisha kwenda shule. Siku ya tano baada ya maziko, yeye na wenzake walipofua nguo za marehemu mtoni kama ilivyo desturi, waliikuta kwenye mfuko wa sketi yake wakaifua pamoja nazo. Tangu hapo ameogopa kuirudisha, asije akatutoa machozi. Harufu ya ile dawa ya kuchulia imetoka yote. Nimeinusa sana.

Inama utazame chini ya meza. Mguu wa upande wa dirisha nimeufunga na kuufungua mpaka gari limekuja kunichukua, na bado bandeji inalegea. Usiifungue. Nisubiri, unioneshe nakosea wapi.

Alikuwa anaanzia juu au chini? Miaka yote hiyo akikufunga nilikuwa namtazama usoni. Mikono sikuitazama.

Baba yako