Fundi Saa na Filamu Zangu

9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na unapanda ngazi bila kuisema vibaya serikali. Huku sote wazima. Mume wangu bado anaingia zamu ya mchana kiwandani, mama mkwe anashinda dukani kwake, nami nimeanza kuzoea nyumba ya watu, ila kabati la vyombo bado linanishinda. Kila sufuria ina mahali pake na hakuna anayeniambia ni wapi.

Nina habari ya kukufurahisha. Unamkumbuka baba mkwe? Yule fundi saa aliyekuvua saa siku ya harusi, akaiweka sikioni, akakwambia inachelewa. Kumbe anapenda filamu nyeusi kama wewe, zile za zamani za uhalifu, zenye kofia, mvua na moshi wa sigara. Ana kabati zima. Ijumaa mchana tukishakula tunafunga mapazia, mimi na yeye, na tunaangalia mpaka mwisho.

Anasema kinachoifanya filamu iwe nyeusi ni mwanamke. "Mtoe yule mwanamke," anasema, "kinachobaki ni kituo cha polisi." Nimemwahidi nitakuuliza.

Agosti nakuja kama kawaida. Usiangalie ile ya dereva wa teksi kabla sijafika.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti liko vilevile. Nimefurahi kusikia mko wazima. Sufuria usiulize, weka unapotaka wewe. Baada ya mwezi watakuwa wanakuuliza wao.

Mwambie mkwe mwenzangu kwamba amekosea. Nimekaa kwenye benchi la waandishi mahakamani maisha yangu yote ya kazi, na nimewasikia wanaume wengi wakimtaja mwanamke. Hakimu akiuliza ni nani aliyefungua mlango, wanainamisha vichwa. Filamu nyeusi ni hii: mtu anaambiwa waziwazi kwamba mlango ule si wake, anaelewa, halafu anaufungua. Mvua, kofia, kivuli cha pazia kinachoukata uso vipandevipande, hizo ni fanicha. Hata mwanamke ni fanicha, ingawa ndiyo ya bei kubwa. Chukua ile ya mwanamke wa lifti, ambayo kwangu haina mpinzani. Yule mhasibu anajua kila kitu tangu mwanzo. Mlinzi kamwambia, dada yake kamwambia. Anabonyeza kitufe.

Saa yangu, kwa taarifa yake, haichelewi.

Nina maswali machache. Hilo kabati lake lina filamu gani? Nani anayechagua ya kuangalia? Wewe unakaa upande gani? Nauliza tu, ni mazoea ya kazi.

Baba yako

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Mafua yalipita nyumba nzima, sasa tumepona. Wewe je? Unakunywa maji?

Majibu yako haya. Anazo karibu zote tulizoangalia, na nyingine ambazo hata wewe huna. Tunachagua kwa zamu. Nakaa kushoto kwake, kama nilivyokuwa nikikaa kwako. Hoja yako ya mlango nilimsomea. Akasema huyo mwandishi ana akili, ila hajawahi kupendwa na mwanamke mwongo.

Ijumaa iliyopita nilichekesha watu. Jambazi alipigwa risasi kwenye ngazi, baba mkwe akauliza kimetokea nini, nami bila kufikiri nikamjibu, "Amesafiri." Ikabidi nimweleze: kwamba nilipokuwa mdogo sijui kusoma maandishi ya tafsiri chini ya picha, wewe ulinong'ona sikioni kila neno, na kila aliyekufa ukaniambia amesafiri, nami nikawa nauliza atarudi lini. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Sasa ni neno la nyumba nzima. Hata mama mkwe, kuku akichinjwa, anasema amesafiri.

Agosti sina hakika tena. Baba mkwe ana miadi ya hospitali na ameniomba mimi nimpeleke. Usinune.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Neno lile lilikuwa la nyumba yetu. Sikukupa ukaligawe.

Halafu sielewi jambo moja. Mwanaume mzima amekaa mbele ya skrini, mtu anapigwa risasi, naye anauliza kimetokea nini? Macho anayo, aangalie. Kama anataka kusimuliwa, anunue redio. Na kama ni hospitali, ana mtoto wa kiume, ampeleke huyo.

Sina wivu. Naripoti nilichokisoma.

Dereva wa teksi nimeshamwangalia peke yangu. Haikunifurahisha.

Baba yako

30 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu nilikuwa na hasira, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba habari haiandikwi kwa hasira. Leo naweza kuandika.

Mtu wako alifika. Kamera, rafiki yako mpiga picha wa gazetini. Alibisha hodi mchana wa Ijumaa, amevaa kofia kwenye jua lile, amenyoa ndevu zote, akajitambulisha kuwa anafanya utafiti wa majumba ya sinema ya zamani. Nilimjua kabla hajavua viatu. Nikaacha tu nione atafika wapi. Akaanza kuuliza: mzee anaangalia na nani, kwa muda gani, nani anapika chai, binti anacheka sana au kidogo. Utafiti gani huo wa majumba ya sinema?

Baba mkwe alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Wewe ndiye uliyetuambia tusogee kushoto siku nzima ya harusi." Kamera akavua kofia, akakaa chini.

Ndevu alizinyoa bure, baba. Baba mkwe hamjui mtu kwa sura tena. Ana presha ya macho. Siku ya harusi alikuwa tayari anaona ukungu; sasa anatofautisha dirisha na ukuta, basi. Ndiyo maana alifunga duka la saa. Aliniomba nisimwambie mtu wa nje, kwa sababu hataki sauti za watu zibadilike wanapoongea naye. Nilikubali, na wewe nakuambia kwa ruhusa yake. Filamu haangalii, anazisikiliza, na mimi nakaa kushoto namwambia kivuli kiko wapi na nani ana bastola. Wewe ulinisimulia maneno kwa sababu nilikuwa naona picha tu. Mimi namsimulia picha. Sijui kazi nyingine ya kumfanyia.

Sasa ile barua uliyoandika kwamba macho anayo, nilikuwa nimeanza kumsomea kwa sauti, kama kawaida. Nilisimama katikati ya sentensi. Akaniambia endelea. Nikaendelea.

Kama unangoja ripoti ya Kamera, usingoje. Anakuja kila Ijumaa, ana stuli yake, na analeta biskuti.

Usiniandikie mpaka uwe na la kusema.

Mwanao

12 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini mko wazima wote, na mzee wako pia.

Gazeti likikosea, masahihisho huchapishwa ukurasa wa ndani, chini, kwa herufi ndogo. Mimi nayaweka hapa juu. Nilichoandika kuhusu macho ya fundi saa hakikuwa kweli, na kumtuma Kamera ulikuwa upumbavu. Msomee hilo kwa sauti. Usisimame katikati.

Wivu ninao. Haukunijia kwa sababu ya kukaa naye. Watu wa nyumba moja watakaa wapi? Ulinijia niliposoma kwamba anauliza nawe unamjibu. Kazi ile ya kunong'ona ilikuwa yangu. Ulipojifunza kusoma ukaniambia, "Baba, nyamaza, naona mwenyewe," nilinyamaza, lakini nilibaki nimekaa upande uleule, labda utauliza. Hukuuliza tena. Sasa kuna mtu ana sababu ya kuuliza maisha yake yote yaliyobaki, na wewe una sababu ya kumjibu. Nimejaribu kulifurahia jambo hili. Nimefika nusu.

Agosti mpeleke hospitali. Sinuni.

Nimempigia Kamera simu. Ijumaa hapokei.

Baba yako

2 Julai

Baba,

Shikamoo. Goti linasemaje? Huku salama. Tukingoja miadi ya Agosti, daktari wa karibu amesema kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, na baba mkwe ameanza kuitumia huku akilalamika kama mtoto.

Nimemsomea yote, bila kusimama. Hata ile ya nusu. Akasema masahihisho yamepokelewa, na kwamba nusu si haba.

Ana malalamiko, lakini si juu yako, ni juu yangu. Anasema nasimulia haraka, na kwamba naruka pale penye damu. Tuliangalia ile ya mwanamke wa lifti. Tulipofika mwisho nilijikuta namwambia mambo ya kupapasa, kwa sababu ukweli ni kwamba sijawahi kuutazama mwisho ule vizuri. Kila mara ulikuwa ukinong'ona kwamba amesafiri, nami nikafumba macho kwa mazoea. Hata ukubwani nafumba. Baba mkwe akapiga meza. "Huyu mtoto ananificha maiti. Niletee yule aliyeziona mahakamani." Anataka wewe umsimulie.

Nilimwambia huwezi kusafiri na goti lile. Akanipa maneno ya kuandika kama yalivyo: "Mwambie kama anakuja kunihurumia, abaki kwake. Kama anakuja kubishana, chumba kipo. Na bado ni mwanamke."

Kushoto ni kwangu. Kulia kuna kiti chenye mto.

Mwanao

11 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nawasalimu wote.

Mtu mwenye akili angebaki nyumbani. Daktari wangu kaniambia, jirani kaniambia, na goti halijaacha kuniambia. Nyumba ile si yangu, kabati la filamu si langu, na mzee amezoea sauti yako. Nikifika nitakukuta unamwekea matone machoni, unajua sufuria zote zilipo, nami nitakaa pale niukodolee macho wivu wangu mwenyewe mchana kweupe. Haya yote nimeambiwa waziwazi, na nimeyaelewa.

Tiketi iko kwenye mfuko wa shati.

Mwambie fundi saa kwamba mwanamke wa lifti hasafiri. Anakufa, na nitamwambia anavyoanguka, mkono upi uko juu, na kivuli cha mhasibu kinasimama wapi. Wewe usifumbe macho.

Kiti chenye mto mpe Kamera. Kushoto nakaa mimi, na kama hutaki, tutapagombania mbele ya mkweo, yeye ahukumu kwa kusikiliza.

Nitafika Ijumaa, kabla hamjafunga mapazia. Nikigonga, usiulize ni nani.

Baba yako