Chumba cha Chini Alichokitaka Mama

Itetemia,
S.L.P. 418,
Tabora.
9 Novemba, 2025

Mpendwa mdogo wangu Teofili,

Tumsifu Yesu Kristo! Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa: marahaba. Habari za Kanada, habari za kazi ya ghalani, habari za hiyo baridi? Yozefina hajambo? Na watoto je, yule mdogo kikohozi kimemwachia? Mwambie mama yake asimwogeshe jioni.

Sisi huku wazima, ila uzima wenyewe si wa kujisifia. Mvua zimechelewa. Wingu linajikusanya upande wa Kigwa, linatutazama, halafu linaondoka zake. Cherehani bado inanilisha, maana sare za shule hazingoji mvua.

Mama yuko kwangu tangu tuliporudi safari. Miguu inamvimba. Anakula vijiko vitatu vya uji, anasema ameshiba. Daktari amesema ni moyo, amempa vidonge na kumkataza jembe. Sitakuficha, Teofili, amepungua. Nikimsaidia kuvaa nauona mgongo wake mfupa kwa mfupa.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu. Ni miezi miwili tangu utume ile sauti kwenye kundi la familia. Ulisema ukoo mzima usikie kwamba ulituma nauli ya chumba cha juu, chenye dirisha, na mimi nikaenda kumfungia Mama kwenye shimo la mashine kama gunia la mihogo. Niliisikiliza mara moja tu. Baba Mkubwa Prosperi alipanda basi kutoka Urambo kuja kuniuliza. Alikaa kwenye benchi la wateja wangu, kofia magotini, akasema, "Godeliva mwanangu, mama yako amekuwa mzigo?"  Niliinamia sketi niliyokuwa naipinda, sindano ikaniingia kidoleni.

Nawe sikukujibu, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi Mama kunyamaza. Jumanne iliyopita Mama mwenyewe amenifungua mdomo. Alisema, "Mwandikie Teofili. Mwandikie kwenye karatasi, simu ina masikio mengi." Kwa hiyo tafuta mahali ukae peke yako ndipo uendelee kusoma.

Unakumbuka mwaka jana alivyoanza kusema anataka kumwona Mama Mdogo Spesioza huko Bujumbura kabla hajafa. Mimi nilimwambia twende kwa basi, tupite mpaka wa Manyovu, tutafika bila taabu. Akakataa. Akawa anataka meli. Nikadhani ni utoto wa uzeeni, kutaka kupanda kitu kikubwa mara moja maishani, na wewe ulicheka kwenye simu ukasema, "Mpe Mama meli yake." Kumbe wote wawili tulikuwa hatujui tunacheka nini.

Tulipanda treni hapa Tabora mwezi wa nane. Njia nzima alishika rozari mkononi. Tulipopita Urambo nilimwonyesha mashamba ya tumbaku, akatikisa kichwa tu.

Kigoma tulikwenda moja kwa moja dirisha la tiketi. Karani alikuwa binti mwenye miwani, mpole, akatufungulia mchoro wa meli. Juu kulikuwa na vyumba vyenye dirisha na kitanda cha peke yako. Chini kabisa, jirani na injini, kulikuwa na vile vya bei nafuu, vitanda viwili kimoja juu ya kingine, dirisha hakuna. Niliweka kidole kwenye cha juu, kama ulivyosema. Nakuapia, Teofili, niliweka kidole juu.

Mama akanisogeza. Akamuuliza yule binti, "Hiki cha chini, maji yake yako wapi?"

Binti akacheka. "Bibi, hapo maji yako nyuma ya ukuta. Ukilala, ziwa liko juu kuliko kichwa chako. Hapakufai. Kuna joto na harufu ya dizeli."

"Nipe hicho."

Nilibishana naye. Nilimwambia nauli ipo, ngazi ni kali, mwanao atanilaumu. Akanishika kifundo cha mkono, akasema kwa Kirundi ili watu wa nyuma yetu wasielewe, "Usinipiganie hapa. Niache nilale chini mara moja tu." Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake, hata siku ya msiba wa Baba. Nikalipia cha chini. Nauli iliyobaki aliifunga yeye mwenyewe kwenye pindo la kitenge, na baadaye aliituma parokiani. Mbele utaelewa ilikuwa ya nini.

Meli ilikuwa iondoke Jumatano alasiri, ikaondoka Alhamisi saa tatu asubuhi. Baharia mmoja, Nassibu, ndiye alimshusha Mama. Alitangulia yeye akishuka kinyumenyume, akimshika miguu na kumwekea kwenye kila kipago cha ngazi, akimwambia, "Bado viwili, mama yangu. Bado kimoja." Mungu amlipe.

Chumba chenyewe kilikuwa cha chuma kitupu, kimepakwa rangi ya maziwa, kuta zinatoka jasho. Taa moja, jaketi mbili za uokozi, na kishindo kinachokuingia hadi kwenye meno. Ulivyosema kwamba ni shimo la mashine, hukukosea. Mama aliuliza ukuta upi ndio wa nje. Nassibu akaugusa. Akapanda kitanda cha chini, akajilaza akiuelekea ukuta huo. Mimi kichefuchefu kilishanipanda. Akaniambia, "Nenda juu upate upepo. Usirudi mpaka nikuite."

Nilikaa kwenye sitaha mpaka saa sita, hakuniita. Nikauwaza moyo wake, nikashuka.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mama amelala vilevile, kiganja amekibandika kwenye chuma, anaimba. Ilikuwa ni bembelezi, ya Kirundi, ambayo hakutuimbia sisi hata siku moja. Nikajua akili imemtoka. Nikaketi sakafuni nyuma yake. Akanyamaza. Halafu, bila kugeuka, akaanza kunieleza.

Teofili, Mama alizaa kabla yetu. Alikuwa mtoto wa kike, Inamahoro. Mwaka ule wa sabini na mbili, watu walipokuwa wanauawa kule kwetu, Baba alikuwa amekwisha kuvuka kuja Tanzania. Mama alibaki Rumonge na mtoto wa miezi saba, na alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Mwenye boti ya kubebea mawese alikubali kuwavusha wanawake tisa na watoto wao. Aliwalaza chini, akawafunika kwa mbao za sakafu, na juu ya mbao akapanga madebe ya mawese ili aonekane mfanyabiashara. Walivuka mchana kweupe. Askari walikuwa wakizunguka na boti zao.

Boti ya askari iliwasimamisha. Wakawa wanaongea na mwenye mawese palepale juu ya vichwa vyao. Inamahoro akaanza kulia. Mama alimpa ziwa anyonye, akalikataa. Mwanamke wa pembeni akamminya Mama begani. Mama akamkandamiza mtoto kifuani, akamfunika uso kwa kitenge.

Askari walipoondoka, mwenye boti hakuthubutu kuwafunua mapema. Walipofunuliwa, mlima wa Tanzania ulikuwa unaonekana, na Inamahoro alikuwa amekwisha kupoa. Mwenye boti alisema hatateremka pwani na maiti, watamuuliza. Wakamfunga kwenye kitenge kilekile, wakamwacha ziwani. Mama alisema maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Sijui kama ni hewa iliyokwisha au ni mkono wangu. Nimejiuliza kila siku, Godeliva. Kila siku."

Mama alimwambia Baba kwamba mtoto alikufa kwa homa, amezikwa Rumonge nyuma ya nyumba ya bibi. Baba akamwomba wasilitaje tena jina hilo, kwa kuwa linamuumiza. Akafa akiamini kaburi lipo. Mama Mdogo Spesioza naye aliamini mtoto alifika Tanzania na kufia Ulyankulu, kambini kwetu. Kila upande wa ziwa ulidhani kaburi liko upande mwingine.

Mama hakwenda kwa ajili ya Bujumbura, wala si kwa sababu alikuhurumia nauli. Alisema, "Huko juu kwenye dirisha ningeyatazama maji kama mgeni. Nilitaka kulala usawa wake."

Ungekuwapo wewe ungejua la kusema, una maneno kunizidi. Mimi nilisema, "Pole, Mama." Nikapanda nyuma yake kwenye kile kitanda chembamba, nikaweka kiganja changu karibu na chake. Chuma kilikuwa cha baridi, kinatetemeka. Tulikaa hivyo mpaka injini ikapunguza mwendo.

Nikwambie na lingine, maana leo ni siku ya kusema. Nilikasirika. Si siku ile, bali tuliporudi. Nilikaa kwenye cherehani nikakumbuka nilivyolelewa: nikiugua mafua tu, Mama hafumbi jicho. Nikilala, anakuja kuniwekea mkono puani, hadi nilipokuwa msichana mkubwa. Nilidhani ni mapenzi ya mtoto wa kwanza. Ikaniuma kujua ulikuwa woga aliouachiwa na mwingine. Hasira hiyo imekwisha, lakini ilinikaa wiki nzima, na kazi za watu niliziharibu.

Bujumbura tulikaa siku sita. Mama alimweleza Mama Mdogo, wakalia wazee wawili hadi majirani wakaja kuuliza nani amefariki. Kurudi alikubali basi. Alisema na maji amemaliza. Nilitumaini atakuwa mwepesi sasa. Haikuwa hivyo. Ni kama amelitua lile lililokuwa linamsimamisha, na bila hilo mwili umekosa nguvu.

Jumapili iliyopita, tarehe mbili, ilikuwa siku ya Marehemu Wote. Alitaka tukasali Ulyankulu, parokia yake, aliko Baba. Tulikodi bajaji hadi stendi, kisha basi, naye akivumilia mashimo yote. Wiki moja kabla alikuwa ametuma majina na ile nauli iliyobaki, iwe sadaka ya misa. Katekista Sylvester, unamfahamu, ana mazoea ya kusoma akitolea maelezo. Akasoma la Baba. Akasoma linalofuata, akasita, akainua macho. "Inamahoro. Ndugu zangu, huyu ni nani wetu? Sina habari zake."

Mama alisimama. Nilitaka kumshika mkono, akauondoa. Akasema, "Ni kifungua mimba wangu. Alifia ziwani mwaka wa sabini na mbili. Endelea, Sylvester."

 Kisha wazee wakaanza kusimama, mmoja mmoja, wale waliokuja mwaka ule.  Nadhani kila mmoja alikuwa na wake.

Tulipotoka, Baba Mkubwa Prosperi alikuja mpaka tulipokaa, kofia mkononi. Mimi hakunitazama, aliona aibu. Akamwinamia Mama, akasema, "Pole sana, Mama Inamahoro."

Miaka hamsini na moja watu wamemwita Mama Godeliva. Nilihisi kama nimevuliwa nguo hadharani. Kisha nikamtazama Mama. Aliitika, Teofili. Aliitika upesi, kama mtu aliyekuwa ameketi karibu na mlango siku zote akingoja kuitwa. Baada ya hapo ndipo alipolia.

Basi ndiyo hayo. Sitaki uniombe radhi kwenye kundi, itakuwa ni kuwapa watu la kuongea. Ifute tu ile sauti. Na kama unaweza kupata ruhusa kazini, njoo kabla ya Pasaka. Daktari hakutaja siku, lakini alinipeleka pembeni kuongea, nami najua maana ya kupelekwa pembeni.

Ukimpigia Mama usimuulize kitu. Hana nguvu ya kusimulia mara ya tatu. Mwamkie, umwite kwa jina lake hilo, Mama Inamahoro, kisha unyamaze umsikilize akipumua.

Nisalimie sana Yozefina na wanangu wote. Baba Mkubwa Prosperi anakusalimu, naye Mama Mdogo Spesioza alinipa salamu zako tangu Bujumbura, nilichelewa kuzifikisha. Mama yuko hapa ubavuni kwangu, anatazama kalamu inavyokwenda. Anasema Bwana akulinde utokapo na uingiapo, na uvae soksi mbili.

Ni mimi dada yako wa pili, nikupendaye,

Godeliva