Miguu Iliyogoma Asubuhi

Kazushi mwanangu,

Supu iko jikoni, ipashe moto. Mkeo Sumire aanue nguo.

~~Nimeenda dukani.~~ Nisikudanganye. Nimeenda ukumbi wa mtaa, kunyanyua vyuma na wazee wenzangu.

Asubuhi nilipiga magoti kumwekea marehemu baba yako wali mbele ya picha yake, miguu ikagoma kuinuka. Simu ililia mara tatu. Nilijua ni wewe, nami nimekwama sakafuni saa nzima! Nilijikokota mpaka kabatini, nikajivuta.

Kila siku unaniambia, “Mama, tulia, utaanguka.” Nimetulia miaka miwili, na kutulia ndiko kulikoimaliza miguu. Mwalimu wa pale ukumbini ana miaka sabini na nane, anachuchumaa na kuinuka bila kushika kitu.

Viatu ulivyonificha nimevipata. Usije kunichukua. Nitarudi kwa miguu.

Mama yako